Vifungo Kumi na Viwili vya Kijumbe

Ilianza siku ya Alhamisi, saa kumi na dakika ishirini alasiri. Saa naijua kwa sababu karani wa duka la cherehani aliitoa yake mfukoni, akaitazama, akaandika wakati huo kwenye kitabu chake, chini ya namba ya cherehani ya Mama. Kisha akasema, hata kukaa hakukaa, "Kesho kabla ya adhana ya Ijumaa. Shilingi tano za mwezi na moja ya faini. Zisipofika namleta hamali na mkokoteni wake."

Mama alikuwa amelala mkekani, siku ya kumi na moja ya homa. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na nguo za shule, na sikusema neno. Karani alinipita kama anavyopita nguzo.

Alhamisi hiyo ni wiki tisa zilizopita. Ninaiandika leo kwa sababu Jumatatu tumemzika Kijumbe, na siku tatu zote za matanga nimekaa uani kwake napepeta mchele na kusikiliza watu wakimsifu. Mpole, wanasema. Alikuwa na moyo laini, hakumrudisha mtu. Mwanamke mmoja ambaye mtaa mzima unajua alivyodaiwa na marehemu mbele ya bomba la maji alilia kwa kwikwi akisema hajapata kusikia neno kali kutoka kinywani mwake. Nikakaza macho kwenye ungo. Nilitaka kusema mnamsema mtu mwingine, huyo simjui, nirudishieni wa kwangu. Sikusema. Kwa hiyo naandika, nyuma ya daftari la hesabu la mwaka jana, maana jipya sina, na sababu ya kutokuwa nalo itaonekana huko mbele.

Kijumbe ni yule anayekusanya fedha za upatu. Upatu wetu una wanawake kumi na wawili. Kila Alhamisi kila mmoja analeta sumuni, yaani senti hamsini, na mmoja kwa zamu yake anaondoka na shilingi sita zote. Basi yeye ndiye aliyekuwa Kijumbe, na jina hilo lilimeza mengine yote. Siku ya maziko wanaume walionekana barazani wakiulizana jina lake hasa ni nani.

Alinuka mafuta ya taa. Naanza na hilo kwa sababu matangani limesahauliwa, watu wanasema udi. Udi alikuwa hana. Alikuwa na debe la mafuta ya taa barazani, faneli, na vipimo vyake: chupa, nusu, robo, na chini ya robo kifuniko cha chupa ya dawa. Ukija na senti moja alikupimia kifuniko. Siku moja mkokota mkokoteni mmoja alimcheka.

"Bibi, kwa senti moja unampimia mtu nini, harufu?"

"Harufu ni bure," akamjibu, "unaivuta tangu ulipofika. Lete kibatari."

Akampimia, na kifuniko kilipojaa akakisubiri mpaka tone la mwisho lidondoke, kidole chini yake. Nimeona watu wakija na kibatari kikavu kabisa na senti moja iliyolowa jasho, na hakuna aliyerudi gizani. Kama matangani wangesema hilo nisingekuwa na neno. Mwenye kidogo alihudumiwa kwa kidogo chake.

Lakini kwenye upatu alikuwa ukuta, na mimi ukuta huo nimeugonga kwa paji la uso.

Mwaka jana Mama alikuwa wa nne kwenye zamu. Wiki moja maduka ya Uhindini yalichelewa kumlipa ujira wa magauni, akanituma na senti arobaini, niseme kumi atazileta Jumamosi. Nilikwenda. Kijumbe alizihesabu kiganjani mwangu, hata kuzishika hakuzishika.

"Hizi arobaini."

"Ndiyo, Bibi. Mama anasema..."

"Nimesikia anavyosema, naona arobaini. Rudi nazo."

Wanawake wengine walikuwa wamekaa pale. Mmoja akasema, "Mpokelee, dada, ni senti kumi tu." Kijumbe akamgeukia. "Nikipokea arobaini kwake leo, wiki ijayo na wewe unazo arobaini. Na mwenye zamu nimpe sita yenye matundu? Chini ya sumuni si upatu." Wiki hiyo Mama akahesabiwa kuwa hakuleta, na zamu yake ikasogezwa kutoka ya nne mpaka ya kumi na moja, na huko ikabaki hata mizunguko iliyofuata. Senti kumi. Nilirudi nyumbani na zile arobaini zimenibana mkononi mpaka zikaacha alama, na kuanzia siku hiyo nilimsalimia kwa midomo tu.

Kutoa nako kulikuwa na sheria yake. Upatu hautoki nusu, alisema. Mwenye zamu anachukua sita nzima; asiye na zamu hachukui hata senti. Mwanamke anayeuza vitumbua pembeni ya soko alikuja mtoto wake akiharisha, anaomba shilingi mbili tu, nyingine zikae. Kijumbe alikataa mbele yangu. Jioni ile ile akaonekana anaingia kwa yule mwanamke na shilingi mbili alizozitoa kwenye mauzo yake ya mafuta ya taa. Nasikia mnasema, si unaona, moyo laini. Ngojeni. Alizidai zile mbili kila Alhamisi, kwa sauti, mbele za watu, mpaka zikaisha, na siku zilipoisha akamwambia, "Sasa unaweza kunichukia vizuri." Yule ndiye aliyelia kwa kwikwi.

Kilichonikera zaidi ni kwamba hakuwahurumia waliodhulumiwa na karatasi. Jirani yetu mmoja, kuli wa bandarini, alijifungulia kitabu cha akiba katika nyumba moja ya fedha huko mjini. Akaweka shilingi yake. Baada ya miezi miwili akaenda kuichukua, akaambiwa shilingi moja lazima ibaki ili kitabu kiwe hai, na yeye anayo hiyo hiyo moja. Alirudi mtaani anapiga kelele toka kona.

"Fedha yangu mwenyewe! Naiona kitabuni, siwezi kuila!"

Kijumbe akamwuliza, "Walikwambia ulipoiweka?"

"Waliniambia kwenye karatasi."

"Na wewe ukaifanya nini karatasi?"

"Nikatia dole gumba."

"Basi shilingi yako imekaa mahali ulipoikubalia ikae. Ongeza nyingine, hiyo ya juu utaitoa." Akaendelea kupima mafuta. Watu wakacheka, na yule kuli naye akacheka mwishoni, lakini mimi sikuona cha kuchekesha. Mtu asiyesoma anawekewa sheria kwa maandishi, halafu analaumiwa yeye. Nililiandika hilo shuleni katika insha. Mwalimu akaniandikia pembeni kwamba nina hasira nzuri. Jambo moja tu sikuliandika, kwa kuwa sikuwa nimeliona bado: nyumbani kwetu kulikuwa na karatasi, na mimi nasoma.

Yeye mwenyewe hakujua kusoma hata namba. Hesabu zake zilikuwa kwenye uzi wa vifungo. Kila mwanamke wa upatu alikuwa na kifungo chake, hakuna viwili vilivyofanana, na vilipangwa kwenye uzi kwa zamu. Cha Mama kilikuwa cha kijani, alikitoa mwenyewe kwenye kopo lake la ushonaji. Cha muuza vitumbua kilikuwa mfupa. Cha Kijumbe kilikuwa cha shaba, kizito, cha koti la wapagazi wa vita. Wengine husema mumewe alikwenda na wapagazi hao na kilichorudi ni kifungo. Nilipomwuliza alisema, "Nilikinunua senti moja, na nilipunjwa." Aliyetoa sumuni yake, kifungo chake kilisogezwa upande wa kulia wa fundo, asiyetoa, kikabaki kushoto peke yake, kila aingiaye akione. Uzi huo, niliokabidhiwa matangani, ninao hapa ninapoandika. Una weusi wa vidole vyake.

Na alikuwa na swali lake. Mtu akimweleza jambo lolote, alisubiri amalize, kisha akauliza, "Mpaka lini?" Mposaji wa binti wa jirani alieleza kwa nusu saa kwamba mahari ataleta kidogo kidogo. "Mpaka lini?" Fundi alisema paa atalirekebisha akipata makuti. "Mpaka lini?" Aliwahi kumwuliza hivyo mgonjwa aliyesema anajisikia nafuu, na mkewe yule mgonjwa akamfukuza. Alistahili kufukuzwa.

Mimi aliniita Bi Kimya. Nilipompa shikamoo aliitika, "Marahaba. Sauti iko wapi?" Miaka yote hiyo, kila siku, sauti iko wapi, kama vile nimeificha makusudi kwenye pindo la kanga. Nilichukia. Nilikuwa napita njia ya nyuma, kwenye matope, ili nisipite barazani kwake.

Sasa cherehani. Mama aliichukua kwa mkopo baada ya Baba kufariki. Bei shilingi mia mbili, kianzio akatoa thelathini, zilizobaki alipe kila mwezi. Karatasi ilikuwa ya Kiingereza. Karani wa duka alimweleza kwa Kiswahili kwa maneno matatu, "Isipungue tano, mama," akamsogezea wino wa dole gumba. Miezi ishirini na sita Mama hakuchelewa hata siku moja. Alizifunga zile tano kwenye ncha ya kanga tangu usiku, akaenda asubuhi, akazihesabu juu ya meza ya duka kwa sauti ili wenye masikio wasikie kwamba mjane huyu analipa.

Miezi mingine alikuwa na zaidi. Karibu na Idi alishona mpaka vidole vikavimba, akawa na tisa, kumi. Akapeleka tano. Nilimwuliza mara moja kwa nini asipeleke saba. Akanitazama kama nimesema tutembee bila viatu kwenye makaa.

"Mwanangu, umepata kuona mtu Kariakoo anaambiwa nazi senti kumi, akatoa kumi na tano?"

"Hapana."

"Basi. Wamesema tano. Nikipeleka saba wataona ninazo, mwezi ujao watadai saba."

Na mtaa mzima ungemwunga mkono, maana hapa kwetu mtu hulipa bei iliyotajwa baada ya kuipunguza, na anayezidisha ama ni mgeni ama anajionyesha. Aliyoambiwa aliyachukua kuwa bei. Karani alimwona kila mwezi na tano zake kamili, akijivuna, na hakumwambia kitu. Hilo ndilo ninalolirudia kichwani nikiosha vyombo. Miezi ishirini na sita alizipokea, akaandika, akasema asante mama.

Mwezi ule Mama akaugua. Siku ya kulipa alijikokota na shilingi tatu. Karani akazirudisha. "Chini ya tano si malipo." Zile tatu zikaenda kwenye kwinini na unga. Ndipo ikaja Alhamisi ile ya saa kumi na dakika ishirini.

Alipoondoka karani, Mama akasema, "Leo ni Alhamisi." Nilijua maana yake. Mzunguko mpya wa upatu ulikuwa unaanza jioni hiyo, na sumuni hatukuwa nayo, kwa hiyo tungepoteza cherehani kesho na nafasi ya upatu leo. Na bila cherehani hakuna magauni, na bila magauni hakuna ada yangu ya shule wala kodi ya chumba. Mama hakusema hayo. Alisema tu niende kwa Kijumbe nikamwombe asikitoe kifungo chetu.

Nilikwenda kwa njia ya mbele. Alikuwa ndani, kwenye kitanda cha kamba, miguu imevimba kama mikate ya boflo, bakuli la fedha tumboni. Sumuni kumi na moja.

"Hodi."

"Hodi gani hiyo inayonong'ona? Ingia."

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Sauti iko wapi? Mama yako ameleta nini?"

"Mama ana homa."

"Homa naijua, mimi ndiye niliyemletea mchaichai. Nimeuliza ameleta nini."

Nikamweleza habari ya karani, nikianzia mwisho na kurudi mwanzo. Alisikiliza amefumba macho. Nilipomaliza akakiinua kile kifungo cha kijani, kilichokuwa peke yake upande wa kushoto, akakiachia. Ndipo kitu kikanipanda.

"Ni senti kumi," nikasema. "Ulimrudisha Mama kwa senti kumi. Ulinirudisha mimi, mbele za watu. Ukamtoa wa nne ukampeleka wa kumi na moja kama mwizi."

Akafumbua macho. "Jambo hilo unalo tangu lini?"

"Tangu siku ile."

"Na umekaa nalo kimya mwaka mzima?"

"Ndiyo."

"Umejitesa bure. Mimi nililala usingizi." Kisha akasema, "Leo sauti imepatikana. Karatasi ya duka iko wapi?"

Nilikuwa nimeibeba kifuani, sijui kwa nini. Nikaitoa.

"Umeisoma?"

Nikaanza kuikunjua.

"Huko shuleni mnasoma nini?"

"Mambo mengi. Hesabu. Kiingereza."

"Na karatasi hii imeandikwa kwa nini?"

"Kwa Kiingereza, Bibi."

Akanitazama. Ningependa angenitukana. Niko sekondari mwaka wa pili. Nimekariri mashairi ya Waingereza. Karatasi ile ilikaa kwenye sanduku letu, chini ya kanga za Mama, hatua nne kutoka ninapolala, na hakuna aliyenituma kuisoma, kwa hiyo sikuisoma. Nilikuwa nimeandika insha juu ya dole gumba la jirani.

Nikaisoma, neno kwa neno, nikimtafsiria. Katika kila malipo ya mwezi, shilingi nne za kwanza ni kodi ya kutumia mashine. Kinachobaki ndicho kinachopunguza bei. Malipo yakipungua tano yatahesabiwa kuwa hayakulipwa, faini shilingi moja, na mashine inaweza kuchukuliwa.

"Ngoja," akasema. "Lete kile kifuniko, na ile chupa tupu, na debe."

Akaniamuru nipime vifuniko vitano vya mafuta ya taa. Vinne nikavirudisha kwenye debe. Kimoja nikakitia kwenye chupa. Kilitanda chini, hata kitako hakikufunika.

"Za nani zile nne?"

"Za duka."

"Na hiki?"

"Chetu."

"Mpaka lini?"

"Nini, Bibi?"

"Mpaka lini chupa ijae, mkilipa tano tu? Piga hesabu, ndiyo uliyopelekewa shule."

Nikachukua mkaa, nikaandika sakafuni. Mia na sabini baada ya kianzio. Miezi ishirini na sita, shilingi ishirini na sita. Tumelipa mia na thelathini juu ya kianzio, nikasema, na bei imepungua ishirini na sita. Imebaki mia moja arobaini na nne. Kwa shilingi moja moja. Miaka kumi na miwili. Nitakuwa na miaka ishirini na minane, na Mama bado atakuwa anaamka na tano kwenye ncha ya kanga akizihesabu kwa sauti. Nilibonyeza ule mkaa mpaka ukavunjika.

"Usiuharibu, ni wangu," akasema Kijumbe. "Wamesema isipungue tano. Wamesema nini juu ya kuzidi?"

Nikatafuta. Ilikuwepo, mstari mmoja, chini kabisa. Chochote kitakachozidi tano kitaingia chote kwenye bei.

"Chote?"

"Chote."

"Na hicho cha kuzidi, kisipungue ngapi?"

"Hawakusema."

"Soma tena."

Nikasoma tena, kidole kwenye kila neno. "Hawakusema, Bibi."

"Hata senti moja?"

"Hata senti moja."

Akacheka mpaka akakohoa, bakuli likaruka tumboni. "Wameziba madirisha yote, wameacha mlango. Yule mama yako mjinga, na mimi mjinga nimekaa naye ukuta kwa ukuta, na wewe mjinga wa Kiingereza." Alipopumua akauliza, "Wewe mwenyewe una nini? Si mama yako. Wewe."

"Senti sabini. Za daftari."

"Kazilete."

Nilizileta. Akaniambia hamsini nizitie bakuli, nikazitia, akakivusha kifungo cha kijani kwenda kulia. Vyote vikawa kumi na viwili. Halafu akafanya jambo ambalo sikuwahi kuliona. Alifungua fundo kwa meno. Zamu ya kwanza ya kila mzunguko ni ya Kijumbe, ndiyo ujira wake, hana mwingine. Akatoa kile kifungo cha shaba mbele, akakitia cha kijani mahali pake, na cha shaba akakitunga nafasi ya kumi na moja. Vidole vilikuwa vimevimba, uzi ukamponyoka mara mbili. Nilipotaka kumsaidia akanipiga mkono.

"Sikupi kitu, usije ukaenda kutangaza. Tumebadilishana. Mama yako anachukua leo, mimi nitachukua yake. Na sumuni kila Alhamisi, isipungue. Akileta arobaini nitamrudisha."

"Ndiyo, Bibi."

"Unaniamini kwamba nitamrudisha?"

"Nakuamini."

"Vizuri."

Nikachukua zile sita. Nikamwuliza yeye alitaka kuzifanyia nini.

"Viatu vya dansi," akasema, akajifunika kanga miguuni.

Nilisimama mlangoni na senti ishirini zilizobaki mkononi. "Na hizi, Bibi?"

"Hizo si za upatu. Ukizila shauri yako."

Hakukuwa na maneno mengine. Hakunibariki, hakunipapasa kichwa. Baada ya hapo alizidi kuugua, na kila Alhamisi nilipopeleka sumuni yetu alikuwa na watu, akinihesabia tu kwa macho. Jumatatu hii zilikuwa zimebaki Alhamisi mbili zamu ya kumi na moja imfikie.

Asubuhi iliyofuata, Ijumaa ile, nilivuka Mnazi Mmoja kwenda mjini, dukani, nikafika kabla hawajafungua. Wanawake wanne nisiowajua wakajipanga nyuma yangu, kila mmoja na ncha ya kanga imefungwa fundo. Karani alipofungua nikaweka shilingi sita mezani. Akaandika tano na moja ya faini, akafunga kitabu.

Nikaweka na senti ishirini.

"Hizi za nini?"

"Za kwenye bei."

"Nini?"

Sauti ilikuwa imerudi ndani. Nikaitoa tena. "Kinachozidi tano kinaingia kwenye bei. Mstari wa mwisho."

Akatabasamu, akawatazama wale wanawake nyuma yangu ili watabasamu naye. "Binti, senti ishirini? Kanunue kashata."

"Karatasi haikusema isipungue ngapi."

Nikaifungua karatasi mezani, nikamsomea kile kifungu kwa Kiingereza chake, kisha nikakirudia kwa Kiswahili. Tabasamu likabaki mdomoni bila kazi. Akafungua kitabu. Aliandika polepole, na mimi nilisoma kichwa chini miguu juu: mia moja arobaini na mbili na senti themanini.

"Umeridhika?"

"Bado swali moja. Mtu akilipa tano tu, mpaka lini?"

"Inategemea."

"Mpaka lini?"

Akachovya kalamu kwenye wino. Basi nikajibu mwenyewe, kwa sauti ambayo mpaka sasa sijui niliitoa wapi, kwamba kwetu sisi ni miaka kumi na miwili kasoro mwezi, na kwamba shilingi nne katika kila tano ni kodi tu. Karani akasema kuna watu wanasubiri, nipishe.

Nikapisha. Mwanamke aliyekuwa nyuma yangu hakusogea mezani. Aliingiza mkono kifuani, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nyingi mpaka imekuwa ndogo kama hirizi, akanipa. Nikaikunjua, nikaanza kumsomea.